Masikio ya Kundi la Pili

4 Februari

Kitinda,

Salamu baadaye. Kwanza Mama.

Jumapili nilikuwa kwake. Alinifungulia mlango, akanipa kiti, akauliza kama watoto wazima, basi. Nikamtania kuhusu kitambi changu. Akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayetabasamu mbele ya karani wa posta. Na huyu ndiye fundi cherehani aliyekuwa akicheka mpaka mteja anaondoka amenuna, akidhani nguo yake ndiyo inayochekwa.

Ni miaka minne sasa tangu tumzike Baba, na miaka minne ya vidonge vya sonona, kimoja kila asubuhi. Nikimuuliza daktari wake swali lolote, jibu ni neno moja: aendelee. Aendelee mpaka lini, hasemi. Nikamwambia hata mfungwa huambiwa siku yake ya kutoka. Akaniomba nifunge mlango nikitoka.

Wewe kila siku unawadunga panya dawa ya jamii hiyohiyo. Basi niambie: ubongo unaopewa dawa kila siku unabaki ubongo uleule, au unageuka kitu kingine? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nipe namba. Safu yangu gazetini ni tarehe ishirini, na nimekusudia kuliandika hili.

Nakuandikia kwa sababu simu unaijua. Wewe unalia, mimi nafoka, na hakuna anayemsikia mwenzake.

Kaka yako


12 Februari

Kaka, shikamoo.

Barua yako nimeisoma katikati ya vizimba arobaini, glavu mkononi. Nikianzia mbali, nivumilie. Wewe huanzia mbali kila wiki na watu wanakununua.

Serotonini ni kemikali ambayo seli za ubongo hupelekeana kama ujumbe. Ujumbe lazima upate wa kuupokea, na sehemu za seli zinazofanya kazi hiyo tunaziita vipokezi. Kuna aina moja ya kipokezi ambayo ukiiamsha kwa dawa fulani, panya hutikisa kichwa ghafla, tiki-tiki, kisha anatulia. Hapo huna haja ya kumpasua. Unahesabu tu. Mitikiso mingi, vipokezi viko macho. Mitikiso michache, vimepoa.

Nilikuwa na makundi mawili. Kundi la kwanza nimelidunga dawa ya sonona kila asubuhi kwa wiki tatu. Kundi la pili limedungwa maji ya chumvi tu, na hilo alilishika mtunza wanyama wetu, tunamwita Bwana Vizimba, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuwamaliza wote ndani ya saa moja. Mwisho tukawapa wote ile dawa ya kuamsha, tukawarekodi kwa kamera ya darini, nami nikakaa kwenye kiti kibovu siku mbili nikihesabu vichwa bila kujua yupi ni wa kundi gani.

Kundi la maji: mitikiso ishirini na sita kwa nusu saa. Kundi la dawa: kumi na mitatu. Nusu, Kaka. Nusu kamili. Profesa ameshatuma muhtasari wetu kwenye mkutano wa Juni, na amenipa mkono mbele ya watu, jambo ambalo wazee wa maabara hii wanasema hawajaliona. Mambo yakienda hivi, Desemba nitavaa joho.

Lakini sikiliza. Panya si Mama. Na kipokezi kupoa si lazima kiwe kimeharibika. Huenda hiyo ndiyo njia yenyewe ambayo dawa inamsaidia mtu. Mimi sijui, na anayekwambia anajua anakuuzia. Namba hii ni ya ndani ya familia. Usiichapishe.

Kitinda


26 Februari

Kitinda,

Usikasirike kabla hujafika mwisho wa ukurasa.

Kipande cha gazeti nimekiambatanisha. Utaona sikukutaja. Nimeandika “mtafiti mmoja ninayemwamini”, na hilo ni kweli, maana katika ukoo wetu wewe pekee ndiye hujawahi kunidanganya. Nimewauliza waganga wetu wenye makoti meupe: ikiwa ubongo wa panya unapoteza nusu ya mtikiso wake ndani ya wiki tatu, ubongo wa mama zetu umepoteza nini katika miaka minne? Wanijibu. Hawajajibu. Mfamasia mmoja ameniita mwehu, nami nimeikata barua yake na kuibandika ukutani.

Ulisema nisichapishe. Lakini wewe ulinipa namba, Kitinda, na namba kama ile haikai mfukoni. Ningenyamaza ningekuwa sawa na wao.

Sasa habari kubwa. Mama aliisoma safu mara mbili, miwani puani, kisha akaniomba nimsomee kwa sauti ile aya ya panya. Kesho yake hakumeza kidonge. Leo ni siku ya sita. Jana amenigombeza kwa sababu ya viatu vyangu kwenye mkeka wake, akanigombeza barabara, na nilifurahi karibu nimkumbatie.

Kaka yako


3 Machi

Kaka,

Leo sikuamkii.

Nimekupigia mara nne. Ukiona ni mimi unakata. Basi soma.

La kwanza. Vidonge vile haviachwi kwa mkupuo. Mtu aliyevimeza miaka minne hupunguziwa kidogo kidogo, na daktari akimtazama. Akiacha ghafla anaweza kupata kizunguzungu, usingizi ukamkimbia, kichwa kikawa kinashtuka kama kimeguswa na umeme, na sonona yenyewe ikarudi na hasira. Huko kugombezwa kwa ajili ya viatu usikushangilie. Mpeleke kwa daktari. Si wiki ijayo.

La pili. Namba niliyokupa imekufa.

Juzi nilikuwa namweka mizanini panya wa kundi la pili. Hakuwa amedungwa kitu kwa zaidi ya wiki mbili. Akatikisa kichwa. Nikasubiri, akatikisa tena. Nikamgeuzia kwenye mwanga, nikaona sikio lake lina mkato, na ukingo wa mkato una kidonda ambacho amekuwa akikikuna. Nikamtoa wa pili, wa tatu, wa kumi. Kundi zima limekatwa masikio.

Nikamfuata Bwana Vizimba. Alikuwa anaosha chupa za maji wala hakushtuka. Kabla ya kuja hapa alitunza mifugo miaka ishirini, na kwake mnyama asiye na alama sikioni ni mnyama wa kupotea. Mimi panya wangu nawaweka alama ya wino mkiani, kila asubuhi nairudia. Yeye wino ulimchosha. Siku mbili kabla ya kuwarekodi alichukua mkasi mdogo akawakata wote.

“Wino wako unafutika, mwanangu,” akaniambia. “Sikio halifutiki. Nilitaka wasikuchanganye.”

Alitaka kunisaidia, Kaka. Na panya mwenye kidonda sikioni hutikisa kichwa hata usipomwamsha kipokezi chochote. Ile ishirini na sita ilikuwa na masikio ndani yake. Kamera inatazama kutoka juu, mikato haikuonekana.

Usimlaumu yeye. Sheria ya kazi hii ni kuwahesabu kabla ya kuwapa dawa ya kuamsha, ujue kila mmoja anatikisa mara ngapi akiwa mtupu. Ningewahesabu ningeona siku ileile. Niliruka hatua hiyo. Profesa alikuwa ananiharakisha, na barua yako ilikuwa mezani.

Kwa hiyo mawili: Mama kwa daktari, na sahihisho gazetini. Nasubiri.

Kitinda


11 Machi

Kitinda,

Hasira yako nimeipokea. Ni ya urithi, siwezi kuirudisha dukani.

Mama hajambo. Analala vizuri, anakula. Usiache masomo kwa ajili ya kutishika.

Kuhusu masikio, nimecheka, kisha nikafikiri. Tuseme namba yako ina kasoro. Je, hoja yangu imekufa? Hoja yangu ilikuwa kwamba watu wanamezeshwa vitu miaka nenda miaka rudi bila kuambiwa mwisho wake. Hilo halina masikio. Nikiandika sahihisho, yule mfamasia atalitia fremu. Watasema mwehu amekiri. Kesho nikiandika kuhusu maji machafu ya mfereji, watasema huyu si yule wa panya? Mtu wa vita hashushi ngao katikati ya uwanja kwa sababu msumari mmoja umelegea.

Wewe rudia jaribio lako taratibu. Ukipata namba mpya, tutaizungumza.

Kaka yako


14 Machi

Mwanangu Kitinda,

Marahaba, ijapokuwa hujaniamkia. Najua mnaandikiana wewe na kaka yako, maana bahasha anazisahau hapa kwangu kama anavyosahau miavuli. Ya mwisho uliyomwandikia, ile ya masikio, ilikuwa juu ya meza. Nimeisoma. Mama hasomi barua za watoto wake, lakini hii ilikuwa ya kwangu kuliko ya kwake.

Kaka yako anasema amekuandikia kwamba nalala. Silali. Nikigeuza macho, kichwa kinapiga cheche, sijui nikuelezee vipi zaidi ya hapo. Jumatano nilianguka ngazini. Si vibaya, goti limevimba. Yeye ndiye aliyeniokota, akanifunga goti kwa kitambaa. Akaniomba nisikwambie, ati unasoma. Nikamkubalia kwa sababu niliona anaogopa, na tangu utoto wake anapoogopa huwa anapiga kelele.

Ila kuna jambo lazima ulijue, na kaka yako halijui. Sikuacha vidonge kwa ajili yake. Mimi nimemzaa, nimemsikia akibishana na redio kabla hajaota ndevu. Kama ningefuata kila anachoandika ningekuwa nimeshahama nchi. Niliposoma “mtafiti mmoja” nikajua ni wewe. Wewe ukiwa mdogo ulikuwa hupeleki hata pini kwa mteja kabla hujazihesabu mara mbili. Nikasema, huyu akitoa namba, amenitumia mimi ujumbe, ila anaona haya kuniambia usoni kwamba dawa zinaniharibu. Nikaacha.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, si yeye. Ulinitumia ujumbe, au hukunitumia?

Mama


19 Machi

Mama, shikamoo.

Sikukutumia ujumbe. Ningekuwa na la kukuambia ningekuja nikalisema mbele yako.

Ile namba niliihesabu mara mbili, kama pini. Nilihesabu vizuri kitu kisicho chenyewe. Umeniamini kwa tabia ambayo siku hiyo sikuwa nayo, na jambo hilo nitalibeba mwenyewe. Usinipunguzie.

Naomba uende kwa daktari siku hiyohiyo utakayoipata barua hii. Usianze tena kumeza peke yako, wala usisubiri goti lipone. Mwambie tarehe uliyoacha, mwambie kuhusu cheche na ngazi. Kaka akitaka kuingia chumbani nawe, mwache abaki kwenye benchi la nje.

Mimi nami leo nimeingia kwa Profesa. Nimemwambia tuondoe muhtasari kwenye mkutano. Alitafuta njia ya pembeni: tuwaondoe wenye vidonda vikubwa, tubaki na wenye vidonda vidogo. Nikamwambia vidonda vidogo navyo vinawasha. Akasema hii itakula mwaka wako. Nikamwambia na ule. Bwana Vizimba alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi. Hakuitwa. Akasema mkasi ulikuwa wake na yuko tayari kuandika hivyo. Profesa akampa karatasi, akaandika.

Joho litasubiri.

Kitinda


2 Aprili

Kitinda,

Mama amenionyesha barua yako. Na ya kwake kwako amenisimulia, mstari kwa mstari, nikiwa nimesimama, maana hakuniambia nikae.

Nilikudanganya. Sitaki kulivalisha neno jingine. Niliandika “analala vizuri” saa mbili baada ya kumfunga goti. Miaka kumi na tisa nimewaita wengine waongo katika safu ile, na uongo wenyewe niliupika mezani kwangu, kwa mwandiko mzuri. Jambo lililonichoma zaidi si hilo. Ni kwamba nilidhani Mama ameacha dawa kwa sababu ya hoja zangu. Nilijivuna, nikawasimulia watu ofisini. Kumbe safu yangu ilikuwa bahasha tu, barua ilikuwa yako.

Tulikwenda tarehe ishirini na tatu, siku barua yako ilipofika. Nilibaki kwenye benchi la nje, kama ulivyoagiza. Daktari amemrudisha kwenye dawa kwa dozi ndogo, ataipandisha kwa ngazi, na anamwona kila wiki mbili. Cheche zimepungua. Usingizi unarudi. Aliponiita ndani mwishoni nilitegemea matusi. Akanionyesha daftari lake: tangu safu yangu itoke, wagonjwa wake watatu wengine wameacha dawa. Nikatoka, nikaanza kuandika sahihisho palepale kwenye benchi.

Sahihisho limetoka juzi. Mhariri alitaka aliweke ukurasa wa matangazo, mistari mitano, chini ya tangazo la magodoro. Nikamwambia uongo ulipewa safu nzima na picha yangu, ukweli hautalala chini ya godoro. Tulibishana mpaka mhudumu akaleta maji. Limetoka mahali palepale, ukubwa uleule. Mtu akivuliwa nguo huchutama, nami nimechutama mchana kweupe. Nakunukulia kipande:

“Niliwapa namba ambayo mwenye nayo alinikataza kuwapa. Namba hiyo haikuwa sahihi, na hata ingekuwa sahihi ilikuwa ya panya. Mtu mmoja ninayempenda aliacha dawa na akaanguka. Kama na wewe uliacha kwa ajili yangu, leo hii, kabla hujamaliza kusoma, nenda kwa daktari wako. Swali langu kwa madaktari liko palepale: waambieni wagonjwa wenu dawa inaisha lini na inaishaje. Lakini swali si ruhusa ya kumnyang’anya mtu jibu lake.”

Mfamasia ameandika tena. Hajaniita mwehu. Ameandika asante, basi. Hilo limeniuma kuliko lile.

Kaka yako


30 Septemba

Kaka, shikamoo.

Nimemaliza.

Panya wapya, makundi mawili, wiki tatu. Wote wino mkiani, na safari hii Bwana Vizimba ndiye aliyeurudia kila asubuhi, akilalamika kila asubuhi. Makundi tulibadilishana, leo mimi dawa yeye maji, kesho kinyume chake. Tukawahesabu wakiwa watupu kabla ya dawa ya kuamsha. Mimi nilihesabu, na mwanafunzi mwenzangu akahesabu peke yake chumba kingine, kisha tukalinganisha.

Kundi la maji, mitikiso kumi na saba. Kundi la dawa, kumi na minne.

Hiyo ndiyo tofauti. Inaelekea kulekule, vipokezi vinapoa kidogo kwa dawa ya kila siku, lakini ni ndogo, na kwa idadi hii ya panya siwezi kuapa kwamba si bahati. Profesa ameiangalia akasema hii haitapigiwa makofi na mtu. Nikamwambia sikuja kwa makofi. Tumeiandika kama ilivyo, pamoja na sura nzima kuhusu masikio, mkasi, na hatua niliyoiruka. Tasnifu itatetewa Machi.

Nimetuma nakala moja tu ya barua hii, kwako. Safari hii sikukatazi kuchapisha. Nataka nione utafanya nini.

Kitinda


12 Oktoba

Wanangu wawili,

Nimeandika nakala mbili, kila mmoja ana yake, msigombanie.

Kaka mtu alikuja na barua ya kumi na saba na kumi na nne. Hakuipeleka gazetini. Aliiweka mbele yangu, akakaa, mikono juu ya magoti. Nikamwambia asome. Akasoma mpaka mwisho bila kuongeza lake, nikajua kweli anaumwa. Nikamwuliza anaitaka ya nini. Akajibu, “Sijui, Mama. Nimeleta kwa mwenyewe.”

Basi mwenyewe amefikiri wiki nzima, na haya ndiyo aliyoamua.

Jana niliingia kwa daktari peke yangu, na maswali yangu nimeyaandika kwenye karatasi. Nilimwuliza swali lile la Kaka, mpaka lini, na sikuondoka mpaka nilipojibiwa. Jibu ni kwamba nikikaa vizuri miezi sita mfululizo tutaanza kupunguza, robo kwa robo, na nikiona giza linarudi tunasimama, na wala haitakuwa aibu. Nimekubali. Si kwa sababu ya panya wala ya gazeti. Nimekaa na sonona hii miaka minne, najua inaingia kwa mlango gani, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza.

Hilo ndilo nililotaka kulisema. Februari mmoja aliandika kuhusu tabasamu langu, mwingine akajibu kuhusu ubongo wangu. Machi mkabishana juu ya usingizi wangu. Barua zilipita juu ya kichwa changu kwenda na kurudi kama mimi ndiye niliyekuwa kizimbani, na mimi nipo, nasoma, naandika, mwandiko wangu unasomeka kuliko wa wote wawili.

Sijakasirika. Nimepona vya kutosha kuwaamrisha, na hii ni amri. Kuanzia leo, barua yoyote inayonihusu mimi iandikwe kwangu.

Mama yenu